Sura ya Saba: Bei Imesimama, Uniti Zinakimbia

Tangu tarehe 1 Aprili 2016, uniti moja ya umeme kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, imekuwa shilingi 292 kabla ya kodi na tozo. Mkate umepanda, nauli ya daladala imepanda, gesi imepanda ikashuka ikapanda tena, na ile 292 ipo palepale. Hata hivyo, kaa jioni yoyote kwenye kibanda cha wakala wa fedha, Mbagala au Nyegezi, na haitapita robo saa kabla hujamsikia mtu akilalamika kwamba umeme umepandishwa kimyakimya. Anaonyesha na ujumbe wa simu: mwezi uliopita elfu kumi ilimpa uniti 28, leo imempa 23 na ushee. Ushahidi anao mkononi, tena umetoka TANESCO kwenyewe.

Huyo mtu hasemi uongo. TANESCO nao hawasemi uongo wanapojibu kwamba bei haijaguswa. Kilichofungwa ni bei ya uniti moja, basi. Matumizi yako hayajafungwa, kundi la bei ulilowekwa halijafungwa, na makato yanayopitia mlango huohuo wa LUKU, mfumo wa kulipia umeme kabla ya kuutumia, hayajafungwa. Hela ya umeme inapokwisha kabla ya mwezi, mojawapo ya hayo matatu ndilo limesogea, na kazi ya mwenye nyumba ni kujua lipi kabla ya kugombana na mtu.

Risiti ya elfu kumi

Tuanze na ule ujumbe wenyewe, maana wengi huuruka mpaka kwenye zile namba 20 za tokeni na kuufuta wakishaingiza. Mteja aliye kwenye kundi la kawaida, T1, akinunua umeme wa shilingi 10,000 bila deni lolote, fedha yake hugawanyika hivi: shilingi 8,196.72 ni umeme, 1,475.41 ni VAT ya asilimia 18, 245.90 ni asilimia 3 ya REA kwa ajili ya umeme vijijini, na 81.97 ni asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji. Gawanya 8,196.72 kwa 292, unapata uniti 28.07, ambazo ujumbe huziandika 28.1. Kwa maneno mengine, uniti yako haijawahi kuwa 292. Ni shilingi 356.24. Hiyo ndiyo namba ya kuiweka kichwani, kwa sababu ndiyo itakayokuwezesha kukagua kila risiti kwa kikokotoo cha simu.

Sasa, ile 23 na ushee ilitoka wapi? Agosti 2021 Serikali ilianza kukusanya kodi ya jengo kwa kupitia LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida na 5,000 kwa kila sakafu ya ghorofa. Katika mwaka wa fedha ulioanza Julai 2023, viwango hivyo vikawa 1,500 na 7,500. Makato hufanyika unaponunua kwa mara ya kwanza katika mwezi. Elfu kumi inakuwa 8,500 kabla umeme haujahesabiwa, na 8,500 kwa 356.24 ni uniti 23.9. Ukinunua tena wiki inayofuata, elfu kumi inarudi kuwa 28.1. Hapo ndipo ulipozaliwa ule uvumi kwamba umeme wa mwanzo wa mwezi ni ghali na wa katikati ni nafuu.

Anayeumia zaidi ni anayenunua kidogokidogo. Elfu mbili ikikatwa 1,500 inabaki mia tano, nayo inanunua uniti 1.4 pekee, wakati bila makato ingeleta 5.6. Mtu aliyefunga nyumba miezi mitatu akaenda kijijini kuuguza, akirudi anakuta 4,500 inamsubiri. Akinunua elfu tano anaweza kudhani mfumo umemwibia.

Kodi hii ni ya mwenye jengo, lakini mita iko mikononi mwa mpangaji. Makato yalipoanza, jibu la Serikali lilikuwa kwamba wawili hao wakubaliane wenyewe, na yeyote aliyewahi kupanga anajua makubaliano ya namna hiyo huelemea upande gani. Ushauri wangu ni kutunza jumbe za LUKU na kuleta hoja siku ile unapolipa kodi ya chumba, wakati hela bado iko kwako:

"Shikamoo mama. Kodi ya miezi sita hii hapa, ila nimetoa elfu tisa ya jengo. Risiti za LUKU hizi."

"Marahaba mwanangu. Ya jengo tena? Si wanakata wenyewe?"

"Wanakata kwenye umeme wangu, mama."

Si kila mama mwenye nyumba atakubali. Wengi hawajawahi kuonyeshwa hesabu hiyo kwa karatasi, na wakionyeshwa hunyamaza. Jambo jingine la kuangalia: nyumba moja ikiwa na mita tatu, kodi haipaswi kukatwa mara tatu. Mwenye jengo anatakiwa kutoa taarifa ili mita moja tu ndiyo ibebe, na asipofanya hivyo makato huendelea kwenye zote.

Uniti ya sabini na sita

Makato ya jengo yanakera, lakini ni shilingi 1,500. Kinachobomoa bajeti ya nyumba ni kuhamishwa kundi.

TANESCO ina kundi liitwalo D1, la wateja wa majumbani wenye matumizi madogo. Humo uniti 75 za kwanza za mwezi ni shilingi 100 kila moja, yaani 122 ukijumlisha kodi na tozo. Ndiyo maana kuna watu wanaonunua umeme wa shilingi 9,150 kamili, wala si elfu tisa au elfu kumi: 9,150 ndiyo bei ya uniti 75. Kuanzia uniti ya 76 bei inaruka hadi shilingi 350, ambayo na makato yake ni 427. Elfu kumi ya D1, basi, huleta uniti 77. Elfu kumi ya T1 huleta 28. Majirani wawili wanaotenganishwa na ukuta, mita za aina moja, nguzo moja, wanaweza kulipa bei zinazopishana karibu mara tatu kwa uniti ileile, na kila mmoja akiwa sahihi kwa kundi lake.

Ukitaka kujua uko wapi huhitaji kwenda ofisini. Chukua fedha uliyolipa, toa kodi ya jengo, gawanya kwa uniti ulizopewa. Ikija karibu na 122 uko D1. Ikija 356 uko T1.

Kinachowachanganya watu ni kwamba kuvuka 75 kwa mwezi mmoja, ukiwa bado D1, si janga. Ukitumia uniti 80 unalipa 9,150 kwa zile 75 na 2,135 kwa tano za juu, jumla 11,285. Janga linakuja ukivuka mara kwa mara, manunuzi yako yakapitiwa, ukahamishiwa T1. Uniti zilezile 80 sasa ni shilingi 28,499. Hakuna ngazi tena, hakuna uniti za mwanzo za bei ya chini, kila uniti ni 356.24 tangu ya kwanza. Na kurudi D1 hakuji kwenyewe. Lazima uende kuomba, na manunuzi ya miezi ya karibuni ndiyo yatakayokutetea au kukuangusha.

Nimewahi kusikia watu wakisema afadhali T1, kwa sababu ukiwa D1 uniti za juu ni 427. Hesabu inawakataa. Mteja wa D1 anaendelea kulipa pungufu kuliko wa T1 mpaka afike uniti 323 kwa mwezi, na nyumba ya kawaida haifiki huko ikiwa haina kiyoyozi au hita. Kwa hiyo ukikuta bado uko D1, kaa humo kwa nguvu zako zote. Usinunue akiba ya uniti 200 kwa sababu umepata hela ya mkeka, maana mfumo unahesabu ulichonunua mwezi huo, haujui kama umekichoma au umekihifadhi.

Kuna nyumba ambazo hazina nafasi hata ya kujaribu. Chukua nyumba ya kupanga ya vyumba vitano vyenye mita moja, aina ambayo imejaa Manzese, Tandale, Mabatini na Ilemela. Kila chumba kina taa mbili, televisheni, feni na friji dogo, na kinatumia uniti 40 kwa mwezi. Kila mmoja peke yake ni mtu wa D1 bila ubishi. Kwa pamoja wanatumia uniti 200, kwa hiyo mita yao ni ya T1, na mwezi unawagharimu 71,248, yaani kama 14,250 kwa chumba. Kama kila chumba kingekuwa na mita yake na kukubaliwa D1, kingelipa 4,880. Tofauti ni zaidi ya 9,300 kila mwezi kwa kila chumba, na wanaoilipa ni watu wenye kipato kidogo kuliko wote katika mtaa.

Kwa nini basi mwenye nyumba asivute mita tano? Januari 2022 ada ya kuunganishiwa umeme mjini, kwa mteja asiyehitaji nguzo, ilirudishwa kuwa shilingi 320,960, baada ya kipindi kifupi cha 27,000 kwa wote. Mpangaji akiilipa mwenyewe, akiba ya 9,300 kwa mwezi itamrudishia fedha yake baada ya karibu miaka mitatu, na huenda kufikia hapo ameshahama. Mwenye nyumba hana haraka, kwa kuwa bili haimgusi. Ugomvi wa usiku kuhusu nani anapiga pasi na nani ana friji kubwa unaanzia hapo, na hauna dawa ndani ya ule ua. Mita ndogo za ndani zinazofungwa na fundi husaidia kugawana kwa haki, lakini hazirudishi mtu yeyote D1.

Taa inasingiziwa

Katika nyumba nyingi mzee wa nyumba ana kazi ya kuzima taa. Anapita koridoni akinung'unika kwamba watoto hawajui hela inavyotafutwa. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 12 usiku kucha inatumia uniti 0.108, yaani shilingi 38 kwa bei ya T1. Kisha mzee yuleyule anaingia bafuni. Hita ya kuogea inayopasha maji papo kwa papo, ya wati 5,500, inatumia uniti 0.92 kwa dakika kumi. Hizo ni shilingi 327. Kuoga kwake mara moja kumekula taa ya usiku nane.

Familia ya watu watano wakioga hivyo mara moja kwa siku wanachoma uniti 137 kwa mwezi, karibu shilingi 49,000, kwa kuoga tu. Arusha, Mbeya, Njombe na Iringa, bili za ghafla za Juni na Julai hazina siri nyingine. Pwani msimu wake ni Desemba hadi Machi, na mhusika ni kiyoyozi, au feni tatu zisizozimwa na friji linalohangaika kupoza kwenye joto la nyuzi 32.

Kanuni ni nyepesi: kinachopasha au kupoza ndicho kinachokula. Pasi, jagi la maji ya moto, jiko la koili, oveni, hita, kiyoyozi, friza. Redio, chaja ya simu na taa za LED unaweza kuziacha zipumzike. Friji ni la kati, lakini halilali, na friji la mtumba lenye mpira wa mlango uliochoka linaweza kutumia mara mbili ya lilivyotumia lilipokuwa jipya. Bana noti ya elfu moja mlangoni, funga, kisha ivute. Ikitoka bila kukwama, baridi nayo inatoka bila kukwama.

Friza ya biashara inahitaji neno lake. Akina mama wengi wanauza barafu, juisi na lambalamba kutoka sebuleni, na umeme wa biashara hiyo unaingia kwenye bili ya nyumbani bila kuandikwa popote. Friza inayofunguliwa kila dakika na watoto wa mtaa inatumia uniti mbili hadi tatu kwa siku. Kwa mwezi hiyo ni kati ya 60 na 90, yaani inaweza kuitoa nyumba D1 peke yake. Kabla ya kusema lambalamba inalipa, hesabu na bei mpya ya kila uniti nyingine iliyomo ndani ya nyumba.

Nayo pampu ya kisima haionekani mpaka utafute. Ikiwa tangi la choo linavuja ndani kwa ndani, maji ya tangi la juu yanapungua usiku kucha na pampu inajiwasha yenyewe kuyarudisha. Fundi bomba wa elfu tano anaweza kushusha bili ya umeme kuliko fundi umeme.

Kuisikiliza mita

Ukishafanya hesabu zote hizo na bado uniti zinakimbia, simama mbele ya mita yenyewe. Ina taa ndogo nyekundu inayokonyeza, na karibu nayo pameandikwa idadi ya mikonyezo kwa kila uniti, mara nyingi 1000 imp/kWh. Maana yake ni kwamba taa ikikonyeza mara elfu moja, uniti moja imekwenda.

Zima kila kitu, chomoa hata chaja na king'amuzi. Subiri. Taa inatakiwa kutulia. Ikiendelea kukonyeza, zima mein swichi. Ikitulia hapo, tatizo ni la nyumba yako: waya umechubuka darini na umeme unavuja kwenda ardhini, au kuna soketi ya uani aliyojivutia jirani wakati wa ujenzi na hakuna anayeikumbuka. Mwite fundi mwenye leseni ya EWURA, wala usimwite yule kijana aliyefunga spika za harusi. Mein swichi ikiwa imezimwa na mita bado inakonyeza, usiguse kitu, hilo ni la TANESCO.

Jaribio la pili linapima kama mita inahesabu sawasawa. Washa pasi ya wati 1,000 peke yake, ikiwa bado baridi ili isijizime katikati, na hesabu mikonyezo kwa dakika moja. Inatakiwa iwe kama 17. Ukipata 16 au 18 hakuna neno, pasi haziandikwi wati kwa uaminifu mkubwa. Ukipata 30, una hoja. Rudia mara kadhaa, rekodi video kwa simu ukionyesha saa na namba ya mita, kisha peleka malalamiko kwa maandishi ofisi ya TANESCO ya wilaya na udai namba ya kumbukumbu. Usiporidhika na majibu, ngazi inayofuata ni EWURA, ambayo hupokea na kuamua malalamiko ya wateja. Baraza la watumiaji, EWURA CCC, lipo kukusaidia kuandaa shauri. Kwa kadiri nionavyo, wanaoshindwa huko hushindwa kwa kufuta jumbe za LUKU.

Nionye pia juu ya kitu kimoja kinachofanana na wizi na si wizi. Baada ya mgao wa umeme kuisha, uniti huonekana kukimbia. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 umeme ulikuwa unakatika kwa saa nyingi, na elfu kumi ilidumu kwa sababu nusu ya siku hakukuwa na cha kutumia. Februari 2024 mtambo wa kwanza wa Bwawa la Julius Nyerere ukawashwa, umeme ukarudi, na kila friji nchini likaanza kufanya kazi saa 24. Watu waliokuwa wakitarajia bwawa la megawati 2,115 lishushe bei wakaona uniti zinaisha haraka zaidi. Bei haikushuka wala haikupanda. Kilichoongezeka ni saa za kuwa na umeme.

Kwa majirani na mbali zaidi

Msomaji wa Mombasa au Nakuru asinung'unike kwamba nimemsahau, ila kwake hesabu ni ngumu zaidi. Kenya nayo ina bei ya msingi iliyofungwa kwa kipindi, na mdhibiti wa nishati wa huko, EPRA, aliipanga upya kuanzia Aprili 2023. Juu yake huja gharama ya mafuta ya kuzalishia umeme na marekebisho ya fedha za kigeni, ambayo hutangazwa upya kila mwezi, kisha tozo na VAT ya asilimia 16. Ndiyo maana tokeni za shilingi elfu moja hazileti uniti sawa Machi na Aprili hata kama mtu hajabadili chochote. Makundi ni matatu, mpaka uniti 30, mpaka 100, na zaidi ya hapo, na kundi lako linatokana na wastani wa miezi mitatu iliyopita. Kabla ya Aprili 2023 mpaka wa nafuu ulikuwa uniti 100. Aliyekuwa akitumia 80 alilala ndani ya nafuu akaamka nje yake, bila kuongeza balbu.

Na walioko Uingereza, ambako mkataba wa bei ya kudumu huuzwa kwa jina hilo hasa, wanafungiwa bei ya uniti na ada ya kila siku kwa mwaka mmoja au miwili. Bili haifungwi. Ukomo wa bei unaowekwa na Ofgem, mdhibiti wa nishati wa huko, tangu Januari 2019 nao ni ukomo wa bei ya uniti na ada ya kila siku, na ile jumla ya pauni inayotangazwa kwenye habari ni mfano wa nyumba ya matumizi ya kawaida. Jambo hili lilimpita hata kiongozi wa serikali ya huko: mwishoni mwa Septemba 2022 Waziri Mkuu Liz Truss alisema kwenye mahojiano ya redio kwamba hakuna familia itakayolipa zaidi ya pauni 2,500 kwa mwaka. Nyumba kubwa yenye baridi ilikuwa italipa zaidi, na ilibidi wakaguzi wa habari wamsahihishe. Kosa jingine la huko ni kudhani kwamba kiasi kisichobadilika kinachokatwa benki kila mwezi ndiyo bei ya kudumu. Hayo ni malipo ya makadirio tu. Usiposoma mita na kupeleka namba, deni linajikusanya chini yake mpaka siku kampuni itakapokuletea.

Gharama ya bei isiyosogea

Turudi kwenye 292. Haikusimama kwa sababu gharama zimesimama. Mwishoni mwa Desemba 2016 EWURA iliidhinisha ongezeko la asilimia 8.53, chini ya nusu ya asilimia 18.19 waliyoomba TANESCO, lianze 1 Januari 2017. Halikuanza. Waziri wa Nishati na Madini wakati huo, Sospeter Muhongo, alilisitisha, na Rais Magufuli akamwondoa Mkurugenzi Mtendaji wa TANESCO, Felchesmi Mramba. Tangu siku hiyo hakuna mtu mwenye kiti cha kukalia aliyetamani kuligusa jambo hilo kwa sauti. Kwa mlaji ni neema, lazima tuseme hivyo. Shilingi 292 ya leo inanunua mchele kidogo kuliko 292 ya 2016, kwa hiyo umeme kwa hakika umekuwa ukishuka bei mwaka hadi mwaka.

Lakini pamoja na bei, kizingiti nacho kiliganda. Uniti 75 kwa mwezi ni uniti 2.5 kwa siku. Zinatosha taa, televisheni, simu, feni na friji dogo. Mwaka 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034, na majiko ya presha ya umeme yanahubiriwa kila kona. Ni majiko mazuri. La wati 1,000 linaivisha maharage kwa uniti moja au pungufu.

Sasa mpe jiko hilo mama wa D1 anayetumia uniti 60 kwa mwezi na kulipa 7,320. Akipika chakula cha siku kwa uniti 1.5, anaongeza 45 kwa mwezi na kufika 105. Akiachwa D1 atalipa 21,960. Akihamishiwa T1, kama kanuni inavyotaka kwa anayevuka kila mwezi, atalipa 37,405. Uniti zake 45 za kupikia zimemgharimu 30,085 za nyongeza, kama shilingi 669 kwa kila moja, karibu mara mbili ya bei ambayo mwenye kiyoyozi Masaki analipa. Atarudi kwenye mkaa, na atakuwa amepiga hesabu vizuri kuliko waliompa jiko.

Hili haliwezi kutatuliwa kwa kuzima taa wala kwa kununua 9,150 kamili. Kupanga makundi ya bei ni kazi ya EWURA, na inapopokea maombi ya bei mpya huitisha maoni ya wadau, mkutano ambao mwananchi yeyote anaruhusiwa kuingia na kusema. Ukisikia unatangazwa mkoani kwako, nenda na risiti zako za miezi 12, na uombe jambo moja: anayepikia umeme abaki D1, alipe 427 kwa kila uniti anayovuka, lakini asinyang'anywe zile 75 za kwanza.